STI ya 2006: kontrol boksi ya nje ipi, au nibaki na ya kiwandani?

Boksa_Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Nina Impreza WRX STI ya 2006, GDB, ile ya taa zilizochongoka, EJ207 yenye turbo ya twin scroll. Imetoka Japani na haijapita mikono mingi. Kilichobadilishwa ni ekzosi tu, kuanzia kwenye turbo hadi nyuma. Kiwandani waliiandika 280 PS. Mimi nataka niivute hadi 380, ikiwezekana 400. Turbo kubwa kidogo, nozeli kubwa, pampu ya mafuta, na intakula, ile inayopoza hewa ya turbo, ihamie mbele.

Fundi mmoja kaniambia kontrol boksi ya kiwandani, yaani kompyuta ya injini, haibebi hayo, ing'olewe iwekwe ya nje. Nimezunguka mitandaoni nimebaki na tatu: Haltech Elite 1500, Link G4X ya kuchomeka, na ECUMaster EMU Black. Kuna jamaa yangu yeye anasema MoTeC au usijisumbue. Hela yenyewe si ya mchezo, sitaki kununua mara mbili.

Gari naitumia kila siku Dar, na huwa naipandisha Mbeya nyumbani. Wajuzi, ipi? Msinitukane, nimesoma kwanza ndiyo nimekuja.

mkeka_wa_mbele

Nakaa hapa. Karanga ninazo.

Taimingi

Mkuu karibu. Umetaja maboksi matatu mazuri na hujataja mtu hata mmoja. Haltech ni Waaustralia, Link wako Christchurch kule New Zealand, ECUMaster ni Wapolandi. Yote matatu yataendesha EJ207 vizuri tu. Utakachokisikia wewe barabarani kitatoka kwa yule atakayekaa kiti cha abiria na laptopu mapajani. Mtafute huyo kwanza, muulize kila siku anafungua programu ya nani. Akisema Link, nunua Link. Akisema Haltech, nunua Haltech. Akisema "mimi yoyote tu, lete", muage kwa heshima.

MoTeC sina neno nayo, ni kazi ya watu wa Melbourne na ni boksi la mashindano haswa. Ila zile za M1 unanunua boksi, unanunua leseni ya programu yake, halafu unaanza kutafuta mtu anayeijua. Kwa gari ya kwenda kazini huko ni kujitafutia kesi.

Sasa hilo la kwamba ya kiwandani haiwezi. Kwa GDB ya 2006 si kweli. Hiyo ni Denso ya biti 32, inasomwa na kuandikwa upya kupitia soketi ile ile ya OBD chini ya dashibodi. Unahitaji kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, programu ya EcuFlash ya kuandikia, na RomRaider ya kuhariri na kurekodi logi, ambayo ni bure. Ukitaka njia ya kulipia kuna EcuTek ya Waingereza, yenye leseni ya gari moja moja. Kebo kuwa makini, feki zake zimejaa sokoni, na kebo ikikata katikati ya kuandika unabaki na gari isiyowaka.

Uzuri wa kubaki nayo ni kwamba kila kitu kinachofanya gari yako iwe gari kinaendelea kufanya kazi. Throto ya umeme, AVCS inayochezesha taimingi ya valvu, AC, geji za dashibodi, na kile kisanduku cha DCCD kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, vyote vinategemea habari kutoka kwenye kontrol boksi. Ukiweka ya nje, kila kimoja kati ya hivyo kinakuwa kazi ya mtu, na mtu analipwa.

Nozeli kubwa siyo tatizo, unaziingiza kwenye ramani, yaani yale majedwali ya mafuta na cheche ndani ya boksi. Lakini nunua zenye karatasi yake, ile inayoonyesha nozeli inachelewa kiasi gani kufunguka kwa kila kiwango cha volti. Bila karatasi hiyo hata MoTeC itabahatisha, na wewe utashangaa kwa nini gari inatetemeka ikisimama kwenye foleni huku AC imewashwa.

Inapoanza kukwama ni kwenye sensa ya hewa, MAF. Ikigusa volti 5 imeishiwa, hewa inazidi kuingia na boksi halioni. Hapo unabadilisha bomba lake liwe pana na kupima upya, au unahamia kusoma hewa kwa sensa ya MAP, inayopima presha ya hewa kwenye manifoldi. EcuTek wana RaceROM inayofanya hivyo humo humo kwenye boksi la kiwandani. Kwa HP 380 usikimbilie kung'oa.

Presha_ya_Oili

Mkuu Taimingi nakuheshimu ila hapa tutapishana kidogo.

Kwenye nguvu umesema kweli. Kwenye kuilinda injini hujasema. Boksi la kiwandani halijui presha ya oili ni ngapi. Linachojua ni ile swichi ya taa nyekundu, na ile taa ikiwaka kwenye EJ umeshachelewa. Hizi injini za kulala zinajulikana kwa kuua beringi za rodi. Unakunja kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, presha inashuka kwa sekunde moja tu huku RPM ziko 6,500. Boksi la nje lenye sensa ya presha ya oili linakata injini hapo hapo. La kiwandani linaendelea kumimina mafuta na kuchoma.

Ni hivyo hivyo kwa pampu ya mafuta ikichoka. Presha ya petroli ikishuka ukiwa kwenye busti, turbo ikisukuma hewa, mchanganyiko unakauka, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, na pistoni inapasuka pale kwenye mifereji ya ringi. Boksi la nje ukilipa sensa ya presha ya petroli na ile ya lambda inayopima mchanganyiko kwenye ekzosi, Bosch LSU 4.9, unaliamuru kabisa: lambda ikipita 0.85 na busti ipo, zima.

Injini nzima ya EJ207 leo inauzwaje? Bei ya boksi ni ndogo ukilinganisha.

Taimingi

Nakubaliana nawe, na ndiyo sababu pekee inayoweza kunishawishi mimi ning'oe ya kiwandani kwenye gari kama hii. Ila umalizie sentensi: boksi la nje *lenye sensa*. Nimeyaona mangapi yamefungwa kwa mbwembwe, picha zimepigwa, ukifungua programu sehemu ya presha ya oili ni tupu, ya petroli tupu, lambda haijaunganishwa. Kwa sababu hela iliishia kwenye boksi.

Kwa hiyo Boksa, ukiamua kwenda njia hiyo, anza kuhesabu kwa kurudi nyuma. Sensa ya lambda, ya presha ya oili, ya presha ya petroli, ya joto la hewa iliyokaa baada ya intakula, solenoidi ya busti ya matundu matatu, kazi ya waya, na siku za kutyuni. Kinachobaki ndicho cha kununulia boksi. Kikibaki kidogo, chukua boksi dogo. Sensa usipunguze hata moja.

Na ukipata la kuchomeka kwenye soketi za kiwandani, shika hilo. Wakikwambia "tunakata hapa tunaunga hapa", ondoka na funguo zako.

GC8_Ngong

Salamu kutoka Nairobi wakuu. Sisi huku Subaru ni dini, na waumini wengi wameanza na Safari Rally: McRae aliishinda na Impreza 1997, Burns akairudia 2000. Kila mtu mwenye GC8, Impreza ya kizazi cha kwanza, anajiona ni mmoja wao, mimi nikiwemo.

Yangu ni ya miaka ya tisini kwa hiyo hadithi ya kebo ya OBD hainihusu. Boksi lake la zamani haliandikwi hivyo. Niliweka Link ya kuchomeka na sijutii. Kwa wenzangu wa GC8 jibu ni rahisi kuliko la Boksa, ni ya nje tu.

Ila kuna jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka. Hizi gari hazifanani kwenye meno ya kreki, yale ambayo sensa inayasoma kujua injini imefika wapi. Za zamani zina meno sita kwenye kreki na saba kwenye kemu. Za baadaye zina gurudumu la meno 36 lenye mapengo matatu, kila pengo meno mawili. Ukichagua vibaya kwenye programu, injini inaweza kukataa kabisa kuwaka. Au inawaka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu laptopu inasema cheche iko digrii 10 na injini yenyewe iko digrii 20. Kwa hiyo boksi lolote likishafungwa, kazi ya kwanza ni taa ya taimingi. Unaifungia programu kwenye digrii 10, unamulika puli ya kreki, unalinganisha. Kuna fundi mmoja huku alinitazama kama mtu wa kale nilipomwomba taa. Nikaileta ya kwangu. Ilikuwa imepishana.

Ramani ya kuanzia inayokuja na boksi ni ya kuwasha gari na kuipeleka kwa fundi basi. Usikanyage nayo.

Halafu mwinuko! Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Gari iliyotyuniwa Mombasa ikifika huku inakuwa gari nyingine. Taimingi atawaelezea vizuri kuliko mimi.

Taimingi

Ahsante jirani. Boksa, hapa sikiliza kwa sababu wewe ni wa Dar na Mbeya.

Dar hewa inakusukuma kwa kilopaskali 101 hivi. Mbeya, mita 1,700, unabaki na kama 83. Fundi wako wa Dar akiweka shabaha ya busti kuwa 220 kwa hesabu ya presha kamili, ambayo Dar ni kama bar 1.2 ya geji, turbo inazidisha hewa mara 2.2. Boksi hilo hilo, ramani hiyo hiyo, ukifika Mbeya litalazimisha 220 ile ile kutoka kwenye 83. Sasa turbo inazidisha mara 2.65. Inazunguka kwa kasi ambayo haikuitarajia, inatema hewa ya moto, na wewe unaona mbona gari bado ina nguvu tu, safi kabisa. Mpaka shafti yake iseme.

Kwa hiyo muulize fundi: busti umeiweka kwa presha kamili au kwa geji, na umeweka jedwali la kuipunguza kadiri tunavyopanda? Boksi la kiwandani la Subaru linalo jedwali hilo tangu siku limezaliwa. Ya nje yanaweza pia, yote matatu uliyoyataja, ila mtu lazima alijaze. Likiachwa tupu halijazi lenyewe.

Na mlima Kitonga usiusahau. Unapanda nyuma ya malori kwa gia ya pili, hewa haipiti kwenye intakula ya juu, ukipata nafasi ya kulipita lori unakanyaga na hewa inayoingia imechemka. Kama sensa ya joto iko ndani ya MAF kule kwenye chujio, yenyewe inaona hewa ya kawaida tu. Ndiyo maana nimesema sensa ikae baada ya intakula. Hiyo ya kuhamisha intakula mbele nakuunga mkono kuliko hata turbo.

Mswahili_Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko Oman, na huku na Dubai gereji za kutyuni ni nyingi, mashine za daino za kupimia nguvu, za magurudumu manne, zipo. Watu wa nyumbani huwa wananitumia ujumbe niwatafutie maboksi yaliyotumika. Nitoe mawili.

La kwanza ni mafuta. Huku Ghuba tunajaza petroli ya oktani 98. Ramani iliyotyuniwa na 98 ukiipeleka Dar au Zanzibar na mafuta ya huko, injini itagonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda. Msinunue boksi lenye "ramani tayari ya Dubai, weka tu utembee". Hiyo ramani ni ya petroli ya Dubai na turbo ya mtu mwingine.

La pili ni nywila. Fundi akimaliza kazi anaifunga ramani kwa nywila ili asiibiwe, ni haki yake. Boksi likija kuuzwa, aliyeuza haijui, fundi hapokei simu, na wewe unabaki na kitu usichoweza kukifungua. Kabla hamjalipa, mwambieni muuzaji aliunganishe na laptopu na alifungue mbele ya kamera. Akianza maelezo marefu, basi.

Ah, na hii ya flex fuel wanayoisifia kwenye matangazo, ya kuchanganya na ethanoli E85. Tanzania kituo gani kinauza E85? Usilipie kitu hicho.

Taimingi

Sheikh umegusa penyewe. Niongezee kwenye mafuta, maana hata ramani ya kiwandani ina shida hiyo hiyo. STI ya Japani iliandikwa kwa petroli yao ya hai-okta, ambayo kule ni 98 hadi 100. Vituo vyetu haviifikii. Kwa hiyo Boksa, gari yako hapo ilipo, kabla hujaongeza hata nati moja, yawezekana haitoi hiyo 280 iliyoandikwa. Sensa inasikia injini ikigonga, boksi linarudisha taimingi ya cheche nyuma, nguvu inapotea kimya kimya.

Na kuna namna ya kuliona hilo. Kwenye RomRaider rekodi kitu kinaitwa IAM. Ni alama ambayo boksi linaipa petroli yako na injini yako, kati ya 0 na 1. Ikikaa 1.0, taimingi yote iliyoandikwa inatumika. Ikishuka, boksi limesikia kugonga kwingi hadi limeamua kupunguza kila mahali.

ardu_wa_sinza

Mbona hamtaji Speeduino? Ni ya wazi, imejengwa juu ya Arduino Mega, bei yake ni chakula cha wiki. Kuna MegaSquirt pia, iko tangu 2001. Mnawapa Wazungu hela bure.

Taimingi

Hahaha, kijana wangu hapo nakupenda. Speeduino ni darasa zuri kuliko chuo, anayetaka kuelewa nozeli na cheche aanze nayo kwenye 4A au 5A ya kawaida ya Toyota, akiharibu ananunua injini nyingine bila kulia. Lakini throto ya STI ya 2006 ni ya umeme, haina waya wa ekseleta, na Speeduino yenyewe haiiendeshi. Itabidi uongeze kifaa cha pembeni. Throto ya umeme ni kitu cha usalama, ikikwama wazi ukiwa Ubungo hapo siyo mambo ya majaribio tena. rusEFI ni ya wazi pia na inaiendesha, ukitaka huo ubishi.

Presha_ya_Oili

Na mbahili wa namna hiyo ndiye wa kwanza kuruka sensa ya oili.

ardu_wa_sinza

Sijasema niruke 😂

Boksa_Kimara

Wakuu nimerudi. Nimefuata ushauri, nimeazima OpenPort kwa jamaa, yake ni ya kweli, nimeweka RomRaider na kurekodi gia ya tatu kutoka 2,500 hadi 6,500 kwenye kipande cha barabara kilicho wazi asubuhi. Sijabadilisha chochote. Matokeo:

IAM inasoma 0.69.
Kuanzia 4,200 hadi 4,800 sehemu ya kusahihisha kugonga inasoma -1.4 halafu -2.8, kisha inarudi 0.
Busti iko sawa na ya kiwandani. MAF haijafika volti 4.

Petroli nilijaza kituo cha karibu na nyumbani, cha siku zote. Hii ina maana niko hatarini? Na mimi nilidhani gari iko fiti, kumbe!

Halafu swali: kama mnasema nibaki na ya kiwandani, ile turbo niagize sasa hivi au?

Presha_ya_Oili

0.69 gari ikiwa imebadilishwa ekzosi tu? Duh.

Taimingi

Kazi nzuri mkuu, wengi wanaomba ushauri na hawaleti logi.

Hatarini bado hujafika, boksi linafanya kazi yake ya kukulinda. Lakini usiagize turbo. Injini inayogonga kwenye busti ya kiwandani haina sababu ya kuongezewa busti, na ukinunua Haltech leo ukampa fundi gari hii ilivyo, atakutyunia juu ya ugonjwa.

Anza na plagi. Zitoe zote nne, zipange kwa namba za silinda, piga picha nyuso zake. Najua plagi za EJ ni adhabu kuzifikia, betri na tangi la maji ya wasafisha kioo vitoke kwanza, vumilia. Tukiona vidoa vidogo vya kung'aa kama chumvi kwenye kauri, ni alumini ya pistoni hiyo, tunasimama hapo hapo na kupima kompresheni. Kama ni safi, tunaendelea: mabomba ya hewa kati ya turbo na intakula yakaguliwe kama yanavuja, hasa ile mipira ya maungio, na MAF isafishwe kwa dawa yake yenyewe, siyo ya kabureta.

Halafu tumia tangi hilo hadi karibu liishe, jaza kituo kingine chenye magari mengi, petroli isiyokaa. Futa kumbukumbu za boksi kwa RomRaider, endesha kawaida siku chache lijifunze upya, kisha rudia gia ya tatu ile ile, barabara ile ile, asubuhi ile ile. IAM ikipanda hadi 1.0, tatizo lilikuwa kwenye tangi. Ikirudi 0.69 na plagi ni safi, basi ramani ya kiwandani ni kali mno kwa mafuta yetu, na kazi ya kwanza ya yule fundi wako wa laptopu itakuwa kuipunguza taimingi pale 4,000 hadi 5,000 kabla hajagusa busti. Hiyo anaifanya kwenye boksi ulilonalo, kwa kebo uliyoazima.

Na unapomtafuta, mpelekee hiyo logi. Mwulize hiyo -2.8 inamwambia nini. Jibu lake litakusaidia kuliko picha za magari aliyoyafanya.

Leta picha za plagi hapa, tuziangalie pamoja.

mkeka_wa_mbele

Karanga zimeisha. Nasubiri plagi.